Ukoga kwenye Tanki la Johari

Ukoga ulianzia kona ya chini, upande wa dirishani, na Mzee Abdillahi alipouona mara ya kwanza aliudharau. Alidhani ni vumbi. Singida ina vumbi, na mtu aliyezaliwa na kuzeekea hapa hababaishwi na vumbi. Akachukua kitambaa, akapangusa kioo. Hakikutoka kitu. Akapangusa tena kwa nguvu, akasogeza miwani, ndipo akatambua kwamba kile kitu kiko ndani, upande wa samaki, na rangi yake ni ya kahawia, kama chai iliyolala birikani.

"Zabibu!" aliita. "Njoo uone. Tanki la mwanao limeingia kutu."

Bi Zabibu, dada yake, alitoka jikoni akifutia mikono kwenye kanga. Waliishi wawili tu katika nyumba ile ya nyuma ya soko: kaka mjane, dada aliyeachika zamani sana mpaka sura ya mume ilikuwa imemtoka kichwani. Akainama, akatazama.

"Kioo nacho kinaingia kutu, kaka?"

"Sasa wewe unaona nini?"

"Naona uchafu."

"Basi uchafu, na utatoka," alisema Mzee Abdillahi, akakunja mkono wa kanzu, akauzamisha majini mpaka kwenye kiwiko. Samaki watatu wakakimbilia nyuma ya mawe. Alisugua mpaka kioo kikang'aa, akautoa mkono unaochuruzika, akautazama kwa kuridhika. Asubuhi ukoga ulikuwa umerudi, na umekuja na ndugu zake.

Lile tanki lilikuwa la Johari, mtoto wa pekee wa Mzee Abdillahi. Johari alikuwa ameishi Dar es Salaam miaka mingi, na biashara zilipofunguliwa naye akaingia humo humo, Dubai kwenda na kurudi, vitenge, redio, pasi za umeme, kila kitu ambacho zamani kukipata lazima uwe na mjomba serikalini. Aliolewa, akajenga maisha, kisha ndoa ikamshinda. Siku alipotoka kwa mumewe hakudai kitanda wala friji. Alichukua tanki la samaki wa baharini, akasema vingine wagawane wanaovitaka.

Halafu akapata kazi Maskati, kwenye duka la ndugu wa marehemu mama yake. Kabla ya kuondoka alipanda lori la Naftali, dereva aliyekuwa akileta bidhaa Singida, akaja na tanki limefungwa kwa magodoro, samaki kwenye ndoo za vifuniko, na mapipa ya maji ya bahari yaliyochotwa Dar. Watu wa mtaa walijaa barazani kuangalia. Bahari kuja Singida kwa lori! Wengine walichovya kidole kwenye pipa wakalamba, wakatikisa kichwa kama walioonjeshwa dawa.

Johari alilipanga tanki sebuleni, akamfundisha baba yake pampu ya hewa, chakula kidogo, maji kidogo kidogo. "Naftali atakuwa anakuletea pipa jipya kila akipanda huku. Unapunguza ya zamani, unaongeza mapya. Basi." Kisha akamshika mkono. "Baba, mkataba ni miaka miwili tu. Ukiisha sirudi Dar. Narudi hapa. Nafungua duka langu hapo barabarani, tunakaa wote watatu. Hawa samaki nakuachia amana."

Amana. Neno hilo si la kuchezea mbele ya mzee kama yule, ambaye hata mwavuli wa mtu uliosahauliwa dukani kwake aliuhifadhi mpaka mwenyewe akafa, akaupeleka kwa warithi. Lakini si amana tu iliyomfanya awaamkie wale samaki kila alfajiri kabla ya kuamka mtu mwingine. Alikuwa amewaona wengi waliokwenda Uarabuni kwa miaka miwili. Barua zao zilikuja, picha zao zilikuja, wenyewe hawakuja. Basi akajiwekea moyoni kitu ambacho hakumwambia hata Zabibu, maana angechekwa: maadamu samaki wa Johari wanaogelea sebuleni kwake, Johari atarudi. Mtu haachi vyake moja kwa moja.

Kwa hiyo ukoga ule haukuwa uchafu tu. Aliusugua asubuhi, akausugua jioni. Ulitoka kwenye kioo ukahamia kwenye mchanga. Ulitoka kwenye mchanga ukapanda kwenye mawe, ukajivika kwenye mpira wa hewa, ukawa laini kama fulana mpya. Samaki hawakuonekana kujali. Yule wa njano alikula, yule wa buluu alikula, na yule wa rangi ya chungwa mwenye michirizi myeupe, ambaye Johari alimpenda kuliko wote, alikuja mpaka juu kudonoa kidole cha mzee. Mtu mwingine angewatazama samaki akatulia. Mzee Abdillahi alitazama ukoga.

Ijumaa baada ya sala ya mchana ndiyo ilikuwa saa ya Johari. Alipiga simu kwenye duka la Gasto, jirani yao, ambaye alikuwa na simu ya mezani na ulimi usiojua kupumzika. Mzee Abdillahi alikwenda mapema, akakaa kwenye gunia la mchele, akasubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzima?"

"Mzima. Samaki wangu je?"

"Wazima."

"Hakuna shida yoyote?"

"Shida itoke wapi? Maji ya chumvi hayo. Unamuuliza nani?"

Johari akacheka, na mzee naye akacheka, na hapo ndipo alipojifungia mlango mwenyewe. Maana Mzee Abdillahi alikuwa mtu wa chumvi. Baba yake alitoka pwani akaoa Mnyaturu, na wote wawili, baba na mtoto, waliuza chumvi ya maziwa ya huku, ile inayokusanywa kiangazi pembezoni, ikachujwa na kuchemshwa vyunguni. Mletee punje moja, ataiweka ulimini, afumbe macho, akwambie hii ya Singidani, hii ya Kindai, hii imetoka Kitangiri na mpishi wake alikuwa na haraka. Sokoni alikuwa na heshima yake. Kisha ikaja chumvi ya pakiti, nyeupe, yenye madini joto, na mabwana afya wakapita kukataza chumvi ya gunia. Haikuchukua muda. Mzee akabeba magunia yaliyobaki akayaweka chumba cha uani, akakaa nyumbani. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza neno kuhusu chumvi, mpaka lilipokuja tanki la Johari. Sasa leo aseme nini? Kwamba kashindwa na ndoo kadhaa za maji ya chumvi?

Gasto aliposikia habari ya ukoga hakungoja kuombwa ushauri. "Mzee wangu, huo ni ukungu. Ukungu unapenda giza. Nguo ikiota ukungu tunaianika, au vipi? Sogeza dirishani lipate jua."

Ilikuwa na maana. Mambo mengi yanayoua huanza hivyo, yakiwa na maana. Wakavuta pazia, wakasukuma meza na kila kilichokuwa juu yake, Gasto anasukuma, Bi Zabibu anapiga kelele kwamba maji yanamwagika. Jua la Singida likaingia tankini lote. Baada ya siku chache ukoga ulinenepa. Ukawa mnene kiasi kwamba ukiufuta ulipanda kama moshi, ukatanda, kisha ukashuka taratibu kulala mahali pale pale. Gasto alikuja kuangalia, akasema labda jua bado halijakolea, akaenda zake kufungua duka.

"Kaka," alisema Bi Zabibu jioni ile, "mwambie mtoto. Yeye ndiye anayevijua vitu vyake."

"Nimwambie yuko huko na shida zake? Ili iwe nini, apande ndege aje kusugua?"

"Akwambie tu la kufanya."

"La kufanya nalijua."

Alikuwa halijui. Alikuwa anakumbuka tu vyungu vya chumvi. Chungu kikishika ukoko hakisuguliwi juu juu. Kinamwagwa, kinachomwa, kinaanikwa, kinaanza upya. Ndivyo alivyofanya. Akawahamishia samaki kwenye beseni na maji yao, akatoa mawe yote, akayachemsha kwenye sufuria la pilau. Mchanga akauosha kwa maji ya bomba, maji baada ya maji, mpaka ukawa mweupe. Akavianika vyote uani juu ya mkeka, kuku wakafukuzwa kutwa nzima. Kisha akavirudisha, akamalizia pipa la maji ya bahari, na kusema kweli lilipendeza. Kioo kilikuwa kama hakipo. Aliwaita majirani. Alisimama pembeni mikono nyuma, kama bwana harusi.

Samaki wa njano alikufa kabla wiki haijaisha. Alianza kuhema haraka haraka, akakaa pembeni, akalala ubavu. Mzee alimchota kwa kichujio cha chai, akamzika chini ya mpapai, akasimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa samaki. Na ukoga nao ukarudi, tena mbio, kama mtu aliyefukuzwa kwake kwa makosa.

"Wazima?" aliuliza Johari Ijumaa.

"Wazima."

"Wa njano bado mchoyo wa chakula?"

"Mchoyo sana," alisema Mzee Abdillahi, akafumba macho. Gasto, aliyekuwa akipanga sabuni, alijifanya hasikii.

Mvua za mwaka ule kila mtu anazikumbuka. El Nino, redio ilisema, na wazee wakalitamka hilo jina kama wanamtaja mkwe mkorofi. Madaraja yalizolewa. Treni ilisimama. Malori yalilala Dodoma, mengine yalilala matopeni, na Naftali akatuma salamu kwa simu ya Gasto kwamba pipa la maji analo lakini barabara hakuna. Maji ya bahari yakaisha. Yale ya tankini yalikuwa yanapungua, ukoga unazidi, na kila mzee alipoufuta maji yaligeuka tope. Alikuwa na hakika sasa: samaki wanakaa kwenye uchafu, wanakula uchafu, wanavuta uchafu. Wa buluu naye alianza kuhema. Lazima maji yabadilishwe. Maji yenyewe yako wapi?

Aliamka asubuhi moja akaenda chumba cha uani, akafungua gunia.

Bi Zabibu alimkuta amechuchumaa mbele ya jiko, anakoroga chumvi ya ziwa kwenye sufuria kwa mwiko.

"Kaka, hiyo si ya bahari."

"Chumvi ni chumvi."

"Siku zote unasema hii ya Kindai, hii ya Singidani, hazifanani. Leo zimefanana na za bahari?"

Hapo angenyamaza akafikiri, ingekuwa hadithi nyingine. Lakini ni miaka mingapi ulimi ule ulikuwa haujaulizwa kitu! Alichota kijiko cha maji ya tanki, akaonja, akatema. Akachota cha sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. Akaonja tena. Alionja mpaka midomo ikamkauka. Mwisho akafumba macho, na uso wake ukawa wa siku zile za sokoni.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo hii hasa. Ningekupa ukiwa umefumba macho usingejua."

Aliyaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akatoa nusu ya maji ya tanki, akamimina yake.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha maji yakaanza kuwa meupe. Si weupe wa kung'aa. Weupe wa tui la nazi, ulioshuka kutoka juu kama wingu mpaka mawe yakapotea. Mzee aliinama akiweka uso kwenye kioo. Aliona wa buluu akipita kasi, akigonga kioo, akirudi, akigonga tena.

"Zabibu! Beseni! Lete beseni!"

Wakakimbizana. Kwenye kitako cha pipa kulikuwa kumebaki maji ya bahari ya kujaza bakuli, yenye mchanga na majani. Wakayakinga. Mzee alitia mikono yote miwili katika ule weupe, akapapasa kama kipofu, anawagusa wanateleza. Wa buluu alipompata alikuwa ameshatulia. Yule wa chungwa alimpata hai, akamtia kwenye bakuli. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, kwa hiyo Bi Zabibu akaleta pampu ya baiskeli, akaingiza mpira majini, akasukuma. Akasukuma mpaka mkono ukafa ganzi, akahamishia mkono wa pili. Kaka yake alikuwa amepiga magoti kando ya bakuli, anasoma kila dua aliyoijua, ya mgonjwa, ya msafiri, hata ya mvua.

"Usiache, Zabibu. Anafungua mdomo. Usiache."

"Siachi."

Hakuacha. Samaki aliinama upande mmoja, akajiinua, akainama tena. Adhana ya alasiri ilipotoka msikitini, Bi Zabibu alikuwa bado anasukuma, na samaki alikuwa anazunguka tu kwa nguvu za mapovu. Mzee Abdillahi alimshika dada yake mkono akauzuia. Kisha akalia. Hakulia kama wanaume wanavyolia, kwa kukohoa na kusingizia moshi. Alilia kwa sauti, kanzu imelowa mpaka kifuani, na mlango wa barazani uko wazi.

Weupe uliposhuka chini, siku mbili tatu baadaye, kioo kilionekana tena. Ukoga ulikuwepo. Mwembamba, lakini ulikuwepo.

Ijumaa alikwenda kwa Gasto akiwa amejiapiza. Akakaa kwenye gunia lile lile. Simu ikalia.

"Shikamoo, baba. Tunaona mafuriko kwenye televisheni huku. Nyumba salama?"

"Marahaba. Nyumba salama."

"Na samaki wangu?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilishazoea njia. Akalimeza.

"Wamekufa, Johari. Wote."

Akaona asipoyasema sasa hatayasema tena, akayamwaga yote bila kuvuta pumzi: ukoga, jua, mawe yaliyochemshwa, uongo wa kila Ijumaa, chumvi ya ziwa, bakuli.

"Ukoga wa rangi gani, baba?"

"Kahawia. Kama chai."

"Ah, baba." Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililomuumiza. "Ule si kitu. Tanki likihamishwa unatokea. Unakaa kaa, ukishamaliza chakula chake unakwisha wenyewe. Samaki hauwadhuru. Uhai wa tanki uko kwenye yale mawe na mchanga, ukivichemsha na kuviosha unauondoa. Mimi ndiye niliyesahau kukwambia. Ulikuwa wa kuacha tu."

"Kuacha tu?"

"Kuacha tu. Usiguse kitu."

Mzee Abdillahi aliegemea rafu ya Gasto. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa na adui. Lakini kuambiwa kwamba hapakuwa na adui, kwamba aliyekuwa anaua nyumba nzima ni yeye na kitambaa chake, hilo alikosa pa kulishika.

"Usilie, baba. Sikiliza. Labda ndivyo Mungu alivyotaka." Johari alisita. "Nilikuwa sijui nikuanzie wapi. Hapa wanataka niongeze mkataba. Na kuna mtu, baba, mtu mzuri, kwao Salala, mji wa huku huku. Anataka kuja kwako kwa njia ya heshima. Nimekuwa namzungusha. Kila nikitaka kumpa jibu nawakumbuka wale samaki, najiambia nimeacha amana nyumbani, nimeahidi, watu wananisubiri. Nilikuwa silali. Sasa..." Alivuta pumzi, na mzee aliisikia ile pumzi ikishuka ikitulia. "Sasa umenitua mzigo."

Alitaka kumwambia, rudi. Alitaka kumwambia, na mimi je, mimi bado nipo hai. Lililotoka ni lile ambalo baba hulitoa.

"Kheri, mwanangu. Mungu awabariki."

"Umeridhia kweli?"

"Nimeridhia."

Alirudisha simu mahali pake. Gasto alimsindikiza mpaka mlangoni akamshikia mwavuli.

Nyumbani Bi Zabibu alikuwa amepiga magoti mbele ya tanki, kitambaa mkononi, anafuta ule utando mpya kwenye kona. Alikuwa ameshafagia sebule na kutandika mkeka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kakasirika?"

"Hapana."

"Alhamdulillahi. Nilijua. Basi atanunua wengine akija. Nikasema nilitengeneze kabisa, asije akalikuta hivi."

Alikuwa anasugua huku anaongea, kwa bidii, kama anavyosugua kila kitu mgeni anapotarajiwa. Mzee Abdillahi aliketi mkekani na viatu vyake vya matope.

"Usifute tena, Zabibu," alisema. "Harudi."

Bi Zabibu alibaki ameshika kitambaa, kinachuruzika, hajui akiweke wapi.